Futikamba Iliyoishia Kwenye Minyaa

Shirika letu la umma lilipovunjwa na sisi wa masjala tukapewa mkono wa kwaheri, wenzangu wengi walikimbilia biashara. Mmoja alifungua duka la mitumba, mwingine akanunua mashine ya kusaga. Mimi nilijenga choo.

Nasema hivyo bila aibu, maana kilikuwa choo kweli. Cha shimo, lakini kina sakafu ya saruji, bomba la hewa lililopanda juu ya paa, na mlango wa bati wenye komeo kwa ndani. Mimi ni mtu wa nyumbani tangu zamani. Hata nilipokuwa na kazi nilikwenda kwa kulazimishwa na mshahara, na sasa mshahara ulipokoma sikuona sababu ya kuvuka geti. Mke wangu, aliyekuwa mwalimu na ndiye aliyetulisha, aliwaambia wageni kwamba bwana yuko ziarani, amefika mpaka uani.

Kiwanja chetu kilikuwa cha mwisho kabisa cha mji wa Dodoma, upande wa kwenda Hombolo. Nyuma yake kulikuwa na ua wa minyaa, na minyaa ile ndiyo ilikuwa mpaka: huku halmashauri ya mji, kule halmashauri ya wilaya na kijiji chake. Kanuni za mji zilitaka choo cha shimo kiwe mwisho wa kiwanja, nyuma ya nyumba, kisionekane barabarani. Nikakiweka mwisho wa kiwanja, nusura kiegemee minyaa. Bwana afya wa mji akaja, akapima kutoka mlangoni, akapima kutoka barabarani, akasaini.

Ng'ambo ya minyaa akahamia mama mmoja wa Kondoa. Miaka mingi alikuwa amefanya biashara ya vitunguu, lakini serikali ilipoifungua biashara kwa kila mtu, wenye malori wakaanza kufuata vitunguu mpaka shambani, na yeye mwenye magunia manne akabaki anatazama vumbi. Akaona bora alime. Serikali ya kijiji ikampa shamba, akapanda mizabibu na nyanya. Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri. Asubuhi nilimwamkia shikamoo juu ya minyaa, naye aliitika marahaba na kuniuliza habari za ziarani. Mke wangu alikuwa amekwisha kunichongea.

Maji aliyachota mbali, kwa baiskeli, madumu mawili kila upande. Kiangazi kile, wakati redio inasema maji ya bwawa la Mtera yameshuka na umeme utakuwa wa mgawo, akaweka mafundi wamchimbie kisima. Kanuni za kule zilitaka kisima kiwe pembeni mwa shamba, mbali na zizi na choo cha mwenyewe, ili majirani wachote bila kukanyaga mazao. Pembeni maana yake ni minyaa. Siku nyingi nilisikia sururu zikigonga nikiwa nimekaa mahali pangu, mlango nimeubana, nikafurahi kwamba kuna mtu anafanya kazi. Sikuwaza lingine. Elimu yangu yote ya sekondari haikuniwezesha kujumlisha shimo moja na shimo jingine.

Aliyejumlisha ni mama mwenyewe. Siku maji yalipotoka alipanda juu ya kifusi, akainua macho, akaliona bomba langu la hewa. Hakunywa. Akamwita bwana afya wa wilaya. Huyo akapima kutoka choo cha mama hadi kisimani, akapata mita thelathini zinazotakiwa na zaidi. Akapima kutoka zizini. Akapima mpaka kwenye minyaa, akakunja futikamba. Alipoonyeshwa bomba langu alisema lile ni la mji, halimhusu. Kwa maandishi akasema kisima ni halali. Kwa mdomo akasema kisinywewe.

Mama akaja kwangu kwa geti la mbele, akakaa kwenye kigoda alichopewa na mke wangu. Hakuja kugombana, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi nguvu ya baiskeli imekwisha. Kisima hiki kikifungwa, shamba narudisha kwa kijiji, narudi Kondoa nikae kwa kaka yangu. Nakuambia ujue tu."

Nilijibu kwamba choo changu kina karatasi. Nilikwenda kuileta kabisa, nikamwonyesha sahihi. Mke wangu aliitazama karatasi, akanitazama na mimi, akasema, "Hiyo karatasi anywe?"

Nikasema basi, nitakihamisha. Nilisema kama shujaa, mpaka nilipopiga hesabu kwamba mahali pekee panapofaa ni ubavuni mwa nyumba, karibu na barabara, ambako kila apitaye angejua ratiba yangu. Lakini nilikuwa nimekwisha sema. Kesho yake nikavaa viatu. Mke wangu akawaita watoto waje waone.

Ofisi ya mji ikanikatalia. Choo kuwa karibu na barabara ni kosa, na mimi choo changu halali ninacho, nahamisha cha nini? Nikaeleza habari ya kisima. Bwana afya wa mji, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, akasema kisima kiko wilayani, nilete barua ya wilaya. Nikaenda wilayani. Bwana afya wa kule, mtu mzima mwenye kofia ya pama, akasema choo kiko mjini, nilete barua ya mji. Nikarudi nyumbani, nikavua viatu, nikapumzika siku tatu kwa uchovu wa safari hiyo ya asubuhi moja.

Hapo ndipo masjala iliponifaa kwa mara ya kwanza maishani. Miaka yote niliyopokea mafaili nilijifunza jambo moja: barua mtu anaweza kuikalia, lakini nakala hulala nayo macho wazi, maana hajui nani mwingine anaisoma. Nikaandika barua moja, maneno yale yale kwa wote wawili, ya kuwaomba wafike kupima umbali wa choo na kisima siku fulani saa tatu asubuhi. Kwa mji nikaandika chini, nakala kwa wilaya. Kwa wilaya, nakala kwa mji. Na zote mbili, nakala kwa diwani wa upande huu na wa upande ule.

Wote wawili walifika kabla ya saa tatu.

Wa mji akasimama kwangu, wa wilaya akasimama kwa mama, kila mmoja kwenye ardhi ya mwajiri wake. Wakasalimiana kwa heshima kupitia matawini. Kisha wakapima. Wa mji akapima kutoka chooni mpaka kwenye minyaa, akaandika. Wa wilaya akapima kutoka kisimani mpaka kwenye minyaa, akaandika. Wakakunja futikamba zao. Nadhani wangeondoka hivyo, kama mama asingejifunga kanga usoni, kwa sababu ya utomvu wa minyaa unaopofusha, akachukua panga na kufyeka tundu la kupitisha mkono.

"Pitisheni hapa," alisema. "Mngekuwa mnakunywa nyinyi, mngekuwa mmepima siku ya kwanza."

Wakatazamana. Wa mji akachuchumaa, akapitisha ncha ya futikamba tunduni kwa vidole viwili, akiogopa utomvu kuliko mpaka. Wa wilaya akaipokea, akarudi nyumanyuma mpaka kisimani.

"Unasoma ngapi?" akauliza wa mji.

Mwenye pama akainama kusoma. "Kumi na moja."

Hapo ubishi ukaanza, na ulikuwa ubishi wa maana. Wa mji akasema kisima kihamishwe, wa wilaya akasema choo. Kila mmoja akasoma kanuni yake kwa sauti, na kadiri walivyosoma ndivyo sauti zao zilivyopungua, maana walisikia wenyewe: moja inasukuma vyoo vyote mpaka kwenye minyaa, nyingine inasukuma visima vyote mpaka kwenye minyaa hiyo hiyo. Wakatembea pamoja kufuata ua ule, mmoja upande wake na mwingine upande wake, wakihesabu mabomba ya hewa na viwanja ambavyo bado havijajengwa. Waliporudi, mwenye pama alikuwa amelipanua lile tundu, amejipenyeza, na yuko kwangu, shati limechanika begani, anaomba maji ya kunawa.

Walichoandika juu ya meza yetu ya chakula kilikuwa karatasi moja yenye mihuri miwili. Ukanda wote wa minyaa, huku na kule, uwe na kanuni moja. Umbali upimwe kuvuka mpaka. Mtu wa upande mmoja asipewe kibali kabla upande wa pili haujaulizwa. Na mimi niruhusiwe kujenga choo ubavuni, kikiwa na ukuta wa kukificha. Madiwani wa pande zote mbili walikaa kuijadili katika darasa la shule ya msingi, nami nikaitwa kama mwenye mfano. Nilikaa kwenye dawati la darasa la pili, magoti yamegusa kidevu, nikasikia choo changu kikijadiliwa na watu wazima ishirini. Wakabishana mpaka mchana, wakapitisha.

Shimo la zamani likanyonywa, likatiwa chokaa, likafukiwa. Mwaka mzima mama alimwagilia nyanya tu kwa maji yale, na ya kunywa akaendelea kuyachota kwa baiskeli, safari hii dumu moja akilibeba yeye na mengine nikiyasukuma mimi, kwa kuwa mke wangu aliona viatu vinaharibika kwa kutovaliwa. Mvua zikaja, zikapita. Mabwana afya wakachukua maji mara mbili, wakayapeleka kupimwa, na mara ya pili wakaja wote wawili, kwa pikipiki moja, kuleta majibu kwamba ni salama.

Mama akachota ndoo mbele yetu. Akajaza kikombe cha bati mpaka juu, akakishika, nikadhani anataka kupiga bismillahi anywe. Akaninyooshea mimi.

"Kunywa wewe kwanza, jirani. Wewe ndiye unajua ulichokuwa umekiweka humo."

Wote wakaningojea. Nikanywa kikombe kizima. Yalikuwa na chumvi kidogo, kama maji yote ya kwetu, na ya baridi mpaka kwenye meno. Mama akanitazama kwa muda uliotosha kuhakikisha kwamba bado nimesimama, ndipo akachota chake.