Diski Mpya ya Mzee Shomari

Jamani, jana nimeumbuka! Niko kwenye majaribio steshenari kwa Mzee Shomari, hapa Bagamoyo. Akaniambia, "Kompyuta yangu nzito. Hamishia kila kitu kwenye diski hii mpya, iwe inawakia hapo. Ukiweza, kazi umepata."

Nikachomoa diski yake ya zamani, nikaichomeka pamoja na ile mpya kwenye laptop yangu na, kwa haraka zangu, nikabonyeza bila kusoma inanakiliwa ipi. Kisha nikaifunga ile mpya kwenye kompyuta yake.

Ikawaka fasta. "Mzee, unaona mambo?" nikajitapa. Akawaita wateja waje waone.

Kumbe nimenakili laptop yangu! Skrini ikajaa picha yangu niliyoiweka mbele ya laptop, nimekalia kiti chake, nimevaa koti lake, miguu juu ya meza.

Mzee akainamisha kichwa. "Shikamoo, bosi."