Masikio ya Nati

Mtaani walimwita Fundi Mageti, na geti ambalo halikupita mikononi mwake basi liliagizwa mbali. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa ubavuni mwa nyumba, sakafu imejaa vipande vya nondo, ukuta umeingia masizi hata huwezi kujua rangi yake ya kwanza. Humo alikata chuma ujana wake wote, na kelele za chuma kikikatwa kwa mashine mnazijua wenyewe. Alipoambiwa atie pamba masikioni alicheka, akasema pamba ni ya wagonjwa. Kichwa ngumu, yule.

Lakini chuma kilikuwa cha kutafutia ugali tu. Moyo wake ulikuwa kwa ndege. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha mashine, alivaa mabuti, akampigia mluzi mbwa wake, wakashika njia ya miguu inayoanzia nyuma ya nyumba, ikafuata kijito, ikapanda kilima hadi msituni. Mbwa aliitwa Nati, kwa sababu alipookotwa akiwa mdogo alijilaza ndani ya boksi la nati na bolti akakataa katakata kutoka. Masika walirudi wote wawili wakiwa tope tupu. Kiangazi Nati alitembea ulimi nje, na Fundi akamnywesha maji kwenye kofia yake mwenyewe.

Darubini hakuwa nayo wala hakuitaka. Ndege alimjua kwa sauti. Majirani waliopenda kutembea Jumamosi walimfuata nyuma wakimuuliza huyu nani na yule nani, naye akajibu bila hata kugeuza shingo: chozi, kigogota, tetere. Siku hizo alikuwa mtu mwingine kabisa, hata mgongo ulinyooka.

Basi, masikio yakaanza kumhama. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia. Chozi akanyamaza, kisha chiriku, na Fundi akajidanganya kwamba mwaka huo ndege wamepungua. Alipoujua ukweli hakumwambia mtu. Aliiogopa ile Jumamosi ambayo wangemuuliza huyu nani, naye akabaki ametumbua macho, na kuanzia hapo asiwe na sababu ya kupanda kilima tena. Angebaki na mageti.

Akatafuta mlango wa nyuma. Tangu masikio yake yangali mazima alikuwa ameona kwamba Nati naye ana mambo yake. Akisikia kigogota huinua pua juu. Akisikia kanga hunguruma chini chini. Akisikia dudumizi, yule ndege wa mvua, huketi kitako. Fundi akawa anamsoma mbwa: watu wakiuliza, yeye hutupa jicho chini, kisha hujibu. Hakuna aliyeshtukia. Ilikuwa kufa na tai shingoni, ila tai yenyewe ilimkaa vizuri, lazima tuseme ukweli.

Mkewe alikuwa msusi, mtu wa kushinda barazani na vichwa vya watu mapajani. Vuli ilipokaribia akasema magoti yanamsumbua na daktari amemshauri atembee, kwa hiyo kesho watatoka pamoja. Fundi hakufurahi, maana majirani unaweza kuwapiga chenga, mke je? Lakini angekataaje? Wakatoka watatu, mawingu yameshuka.

Kwenye mti mkavu Nati akasimama, akainua pua. Fundi akatangaza kigogota. Mkewe akatega sikio, akasema yeye hasikii kitu. Fundi akamwambia mambo ya ndege yanataka mazoea, asiwe na haraka.

Mbele kidogo, kijito kinapokata kona, mkewe akamvuta mkono.

"Na huyu je?"

Fundi akatupa jicho chini. Nati alikuwa anakwenda zake, mkia umelegea, hana habari na dunia.

"Yupi?"

"Huyu anayelia hapa juu yetu, baba watoto. Mbona hata mbwa hageuki?"

Akapiga makofi nyuma ya Nati, makofi ya mtu aliyezoea nyundo. Mbwa akaendelea. Akapiga mluzi. Mbwa akaendelea, mpaka alipogeuka mwenyewe na kuona ameachwa peke yake, akarudi mbio akitikisa mkia.

Ndipo alipoelewa. Miaka yote Nati alilala kando ya mashine ileile. Pale kwenye mti mkavu alisimama kwa sababu ndipo bwana wake alipozoea kusimama. Kipupwe chote Fundi alikuwa akimfuata mbwa, mbwa akimfuata Fundi, na majirani wakiwafuata wote wawili, wakitikisa vichwa kwa heshima mbele ya ndege ambao hawakuwapo, kila mmoja akiona aibu kusema hasikii kitu.

Fundi akaketi juu ya jiwe, akamkumbatia Nati shingoni, akalia bila kujificha. Akamwambia mkewe kila kitu, hadi ile pamba aliyoikataa.

"Mimi nilijitakia," akasema. "Lakini huyu alinikosea nini?"

Mkewe alimwacha amalize. Kuhusu uziwi alikuwa anajua zamani. Mtu akiitwa kula haji mpaka aguswe bega, mkewe atakosaje kujua? Alikuwa anangoja aambiwe. Na yale magoti, kama unataka kujua, hayakuwa na tatizo lolote.

Akaketi karibu yake, akamgeuzia uso ili aione midomo yake, akapaza sauti.

"Bado analia. Ni kama maji yanayomwagwa kutoka kwenye dumu. Yanakuja mbiombio, yanateremka, halafu mwishoni yanapanda kidogo."

Fundi akafumba macho. Sauti ikamjia nzima, kama alivyoiacha.

"Dudumizi," akasema. "Tuondoke, mvua inakuja."

Iliwakuta njiani, wakalowa chapachapa, na msusi akacheka mpaka akashika mbavu.

Majirani waliambiwa ukweli Jumamosi iliyofuata, na baadhi yao walishusha pumzi. Siku hizi msusi humgusa mumewe bega, humweleza anachosikia, naye hutaja jina. Akiwa ni dudumizi, Fundi huinama na kumgusa Nati mgongoni, na Nati, mzee asiyesikia hata radi, huketi kitako.