Leseni ni ya Mtu, Si ya Nyumba

Mume wangu alidhani bunduki inanunuliwa kama baiskeli. Una hela, unaingia dukani, unachagua, unaondoka nayo. Siku ya kwanza alirudi kutoka Vwawa amenuna, akatupa kofia mezani, akasema wamemrudisha kijijini. Polisi walimweleza vizuri tu kwamba hakuna duka litakalomuuzia bila kibali, na kibali hakianzii kwao. Kinaanzia Itaka, hapa hapa tunapoishi, kwenye kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji, yaani kwa majirani zetu. Wao ndio wakae wamjadili, waseme kama ni mtu wa kuaminiwa na silaha au ni mgomvi wa vilabuni. Baada ya hapo maombi yaende kata, wilaya, hadi mkoa.

Nilimwambia kama ni hivyo, aanze leo leo. Subira sikuwa nayo hata kabla ya wezi, na baada yao ndiyo kabisa.

Walikuja Jumapili mchana kweupe, watu wote wakiwa kanisani. Mimi nilitoka kabla ya matangazo kwa sababu niliacha maharage jikoni. Niliwakuta wawili stoo, nyuso wamezifunga vitambaa. Mmoja alinibana ukutani na panga shingoni, akanifunga mikono kwa kanga yangu mwenyewe. Mwenzake hakusema neno. Aliinama, akaingiza goti chini ya gunia la kahawa, akalirusha begani kwa mkupuo mmoja, akatoka nalo.

Tangu siku ile sikutulia. Nikiosha sufuria moja natoka kuchungulia uzio, narudi, nasahau nilikuwa naosha nini. Kanisani nikahamia benchi la mlangoni. Kuku akiruka kutoka kwenye tundu, moyo unanipasuka. Mume wangu anauza mahindi na mchele Tunduma, wateja wake wengi ni Wazambia, na siku nyingi za wiki analala huko. Akasema tuhamie naye, tupange vyumba viwili, shamba tumwachie mtu. Nilikataa. Mibuni ile nimeipanda kwa mikono yangu, nimeipalilia nikiwa na mimba. Nihame mimi, wezi wabaki?

Kuna jambo sikumwambia. Namna ile ya kunyanyua gunia, goti kwanza halafu bega, nilikuwa nimeiona mara nyingi. Ndivyo anavyonyanyua mtoto wa baba mdogo wa mume wangu, kijana ambaye shamba lao limepakana na letu na ambaye amekula kwangu tangu nilipoolewa. Lakini wabeba mizigo wangapi pale mpakani Tunduma wananyanyua hivyo hivyo? Sikuwa na hakika. Na ningemwambia mume wangu, asingengoja bunduki.

Safari ya pili ya Vwawa tulikwenda wote. Tulipokewa na mama mmoja wa polisi, mpole, akamuuliza mume wangu anataka silaha ya nini. Akajibu ya kulinda nyumba. Akaulizwa analala wapi. Akajibu Tunduma, kwa sehemu kubwa. Yule mama akaweka kalamu chini. Leseni ni ya mtu, akatueleza, si ya nyumba. Bunduki inakaa kwenye kasha la chuma, funguo anakaa nazo mwenye leseni, na mke akiigusa mumewe hayupo, wote wawili wana kesi.

“Sasa mwizi akija, mama huyu atampigia nani simu, wewe au funguo?”

Kisha akanigeukia mimi, akasema basi mwombaji niwe mimi. Nimetimiza miaka ishirini na mitano? Nikacheka, maana nina mtoto anayekaribia hapo. Nimewahi kufungwa? Hapana. Akili zangu timamu? Mume wangu akasema hilo lijadiliwe. Basi yule mama akanipangia yaliyo mbele yangu: alama za vidole, kupimwa na daktari, mafunzo ya kutumia silaha, na kasha la chuma ambalo wangekuja kulikagua lilivyofungwa ukutani. Ila kabla ya yote, kijiji.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Kwenye kamati ile alikuwamo baba mdogo, baba wa yule kijana. Kwangu mimi yule ni mkwe, na kwenye ukoo huu mke hatazamani na mkwe wake. Vijana wamelegeza desturi hiyo, mimi sikupewa nafasi ya kuilegeza. Nikimwona anakuja natoka njiani, nageuza uso mpaka apite. Nikiwa na neno kwake, namwambia mtoto aliyesimama katikati yetu, naye anamwambia, ingawa ameshanisikia. Sijawahi kuyaona macho yake vizuri.

Siku ya kikao mwenyekiti, kwa kunionea huruma, alipendekeza mume wangu anijibie. Mtendaji wa kijiji akakataa. Mwombaji ni mimi, nijibu mwenyewe, sheria haina habari na ukwe. Nikakaa upande upande, uso dirishani, kanga nimejifunika hadi kidevuni. Wakaniuliza kama nakunywa, kama nimewahi kugombana na jirani. Wakaniuliza mtu akiingia kwangu nitafanya nini, nikajibu kama yule mama wa polisi alivyonieleza: nitapiga kelele, nitaita watu, na nitafyatua pale tu uhai wangu au wa wanangu ukiwa hatarini, si kwa ajili ya kahawa. Mwenyekiti akaridhika. Akauliza nani ana la mwisho.

Baba mdogo akakohoa. Nilisubiri amwambie mtu aniulize. Hakumwambia mtu.

“Mwanangu, na kama huyo aliyeingia ni mtoto wa hapa hapa?”

Mume wangu akaangalia viatu vyake, akidhani mzee amechanganyikiwa kwa uzee. Mimi niligeuka nikamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye naye hatulii, na hakuyaondoa kwangu. Hakika niliyokuwa siipati tangu ile Jumapili niliipata pale, na nilitamani nisingeipata.

“Sijui, baba,” nikasema.

Mtendaji akauliza kama hilo ni jibu. Baba mdogo akasema ni jibu, na kwamba yeye anamfahamu mwombaji, ni mtu wa kazi na hana makuu, anaunga mkono. Akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Nilipotoka alikuwa mbele yangu njiani, anakwenda polepole na fimbo yake. Kwa desturi ningesubiri apotee kwanza. Nilimfuata. Hapakuwa na mtoto wa kutumwa, kwa hiyo nilimwita mwenyewe. Akasimama, lakini safari hii alinipa mgongo kama inavyotakiwa, na akazungumza akiangalia mibuni.

“Wakikupa, mwanangu, jifunze kulenga miguu.”

Nilitaka kumwambia asiwe na wasiwasi, sitamfyatulia mtoto wake. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikakumbuka panga shingoni, nikawakumbuka wanangu, nikaona ningekuwa namdanganya mzee. Akasubiri kidogo. Kisha akashika fimbo yake, akaendelea na njia.