Tasbihi ya Shaba Juu ya Benchi

Siku hizi mtu akitaka kumkumbuka Mungu huvaa kidude cha plastiki kidoleni. Anabonyeza, kinahesabu. Hakina uzito wala sauti, na betri ikiisha, ibada nayo imepumzika. Naandika habari za fundi mmoja mwanamke kwa sababu karakana yake ni mojawapo ya mahali pachache palipobaki ambapo kitu huzaliwa mbele ya macho yako, hakitolewi ndani ya boksi.

Mtaani wanamwita Cheche. Jina lilimshika utotoni, kwa kupenda kuchuchumaa karibu mno na jiwe la kunolea la baba yake. Baba huyo alikuwa mkerezaji wa chuma. Alitengeneza vipuri vya cherehani na ekseli za baiskeli zama zile ambapo kitu kikiharibika watu walikirekebisha, hawakukitupa. Karakana yenyewe ni chumba kimoja chenye dirisha la nondo. Kuna benchi la mbao lililokunywa mafuta mpaka likawa jeusi, kuna jiliwa la kubania vyuma, tupa zinaning'inia kwa ukubwa wake, na katikati imesimama mashine ya kukereza, nzito kama deni, ikinguruma kama paka aliyeshiba.

Mkono wa mzee ulipoanza kutetemeka, akaacha kuendesha mashine, lakini hakumwachia mtu. Mwanawe wa kiume alitaka iuzwe kwa watu wa vyuma chakavu, na chumba kigeuzwe duka la vifuniko vya simu. Cheche aliitaka yeye, maana alikuwa hajui raha nyingine. Mzee akawasikiliza wote wawili, kisha akatoa mfukoni tasbihi yake ya mbao, punje zimepasuka na uzi umechakaa.

"Nitengenezee ya shaba," akamwambia binti yake. "Si ya kutundika ukutani. Nataka ya kuzungusha mkononi. Mkono wangu ukiikubali, mashine ni yako. Ukiikataa, kaka yako na alete mkokoteni."

"Mkono wako mgumu kuliko chuma, baba."

"Basi usipoteze muda kuzungumza nao."

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Fundi hakumkabidhi mkubwa wake kazi mkononi, wala hakuisifu. Aliiweka juu ya benchi, akampa mgongo, akaendelea na shughuli nyingine. Mkubwa akiichukua mwenyewe, imepita. Akiiacha mpaka wakati wa kufunga mlango, inarudi kwenye mashine, na hakuna kuuliza kwa nini. Leo mtu akikaza skrubu moja anataka apigwe picha.

Tasbihi ya kwanza ilimeta kama pete ya bibi harusi. Mzee aliitazama, akanywa chai yake, akafunga mlango. Kesho yake Cheche akaijaribu mwenyewe. Mzunguko mmoja tu, uzi ukakatika, na punje zote thelathini na tatu zikatawanyika sakafuni. Baba na binti wakajikuta wanatambaa chini ya benchi, mzee akicheka mpaka akashika mbavu. Cheche alipopitisha ncha ya kidole kwenye tundu la punje moja, akaelewa. Keekee iliyotoboa tundu ilikuwa imeacha ukingo mkali, na ukingo ule ulikuwa ukiutafuna uzi.

Ya pili akaipanua midomo ya matundu na kuilainisha kwa msasa. Ila kwa woga wa kukatikiwa tena, akazibana punje kwenye uzi bila kuacha hata upenyo. Kinyozi wa chumba cha pili, mtu asiyejua kunyamaza, alipoiona juu ya benchi akapiga kofi.

"Cheche, mbona tasbihi imesimama kama polisi wa zamu?"

"Mjomba, nenda kanyoe watu."

"Naenda. Lakini mwambie apumzike, atachoka!"

Mzee hakuigusa.

Ndipo Cheche akaacha kufikiria macho, akaanza kufikiria mkono. Punje akazikereza upya, safari hii zikiwa na umbo la vipipa vidogo, zigongane tumboni na kutoa sauti moja safi. Punje ndefu ya kichwani akaifanya nzito kuliko nyingine, iwe ndiyo inayovuta mzunguko. Na kwenye uzi akaacha nafasi tupu ya vidole vitatu, ili punje zipate pa kukimbilia.

Alasiri moja akaiweka juu ya benchi, akageuka, akajifanya anafagia. Kaka yake alikuwa ameshafika na mkokoteni, ameuegesha mlangoni kabisa. Mzee alikaa kwenye kigoda chake. Cheche alifagia mahali pale pale mpaka sakafu ikamwonea haya.

Akaingia kinyozi, amekuja kunoa mkasi. Akaiona tasbihi, na kabla hajakatazwa akaibeba na kuirusha kidoleni. Chaka-cha! Chaka-cha!

"Lo! Hii inaimba! Ngoja nikamwonyeshe mteja wangu, nimemwacha na povu nusu kidevu."

Akatoka nayo mbio. Cheche akabaki na ufagio mkononi. Kwa desturi yao, mkono wa kinyozi haukuhesabiwa, na wakati wa kufunga mlango ulikuwa unakaribia. Nyuma ya ukuta sauti ya shaba ikaendelea, ikifuatana na kicheko cha yule mteja. Kaka akakohoa, akashika mipini ya mkokoteni.

Hapo Cheche akaona vidole vya baba yake vinacheza juu ya goti, vikifuata mlio ule ule. Mara mzee akasimama, kigoda kikaanguka.

"Wewe mnyoa watu! Nirudishie tasbihi yangu!"

"Yako?" kaka akashangaa. "Baba, hata hujaigusa."

Mzee alikuwa ameshamsukuma kando. Akaenda mwenyewe hadi kwa kinyozi, akamnyang'anya, akaizungusha. Mkono ulikuwa unatetemeka kama kawaida, lakini uzito wa shaba ukauchukua, mtetemo ukapotelea ndani ya mzunguko, na punje zikaenda na kurudi bila kukosea. Akarudi karakana akiizungusha, anatembea kama kijana aliyenunua viatu vipya.

"Wewe," akamwambia mwanawe, "ondoa mkokoteni huo. Unamzibia dada yako mwanga."

Cheche akacheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia baba yake na ufagio juu. Kinyozi akachungulia mlangoni, na nyuma yake yule mteja, povu limeanza kumkaukia.

"Mzee, na sisi tunataka kama hiyo. Tunaongea na nani?"

"Mimi unaniuliza kwa nini?" mzee akajibu, shaba ikigonga kidoleni. "Muulize mwenye mashine."