Kiti Kilichokuwa Kizuri Mno

Hadija Mukabalisa, fundi cherehani wa Biryogo, mtaa wa Waislamu mjini Kigali, hakuwahi kukata kitambaa cha mtu bila kumpima kwa mkono wake. Mteja angeweza kuja na vipimo vilivyoandikwa na fundi wa Ulaya. Yeye angevisoma kwa heshima, angekunja karatasi, kisha angemwambia mteja asimame wima. Ndiyo maana mwezi wa tatu mwaka 1994, alipotakiwa kuchagua kiti cha ndege, alikwenda ofisi ya tiketi mjini na futi yake ya kushonea ikining'inia shingoni.

Sababu ya kupima alikuwa nayo. Mwaka uliotangulia damu iliganda kwenye mguu wake wa kushoto, akalazwa wiki tatu. Daktari alimruhusu kwenda Brussels, ambako binti yake Uwera alikuwa akingojea mtoto wa kwanza, lakini kwa sharti moja: mguu unyooshwe. Safari ni zaidi ya saa nane, alimwonya, na ukikaa umekunja goti kama unashona, damu itaganda tena na inaweza kupanda hadi kwenye mapafu. Mukabalisa alitaka kumpakata mjukuu. Hakutaka Uwera, na tumbo lake lile, aende uwanjani kupokea maiti.

Karani aliyemhudumia aliitwa Nduwayo, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi hadi likakakamaa. Mukabalisa hakuupenda upole wake. Mwezi ule watu wapole walikuwa wachache Kigali, na kila mmoja wao alikuwa na sababu yake. Nduwayo alimpa kiti, akaingia chumba cha nyuma, akarudi na Fanta baridi. Chupa ilikuwa imeshafunguliwa.

Sasa, Kigali mgeni hapewi chupa iliyofunguliwa. Kizibo hutolewa mbele ya macho yake, na kama ni kinywaji cha kwenye jagi, mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Hata mtoto wa shule analijua hilo. Mukabalisa aliitazama ile Fanta, akaisogeza kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza, na tangu hapo kila alichosema Nduwayo kilipita kwenye masikio yaliyokwisha kukataa.

Kijana alikunjua karatasi yenye mchoro wa viti. Akaeleza kwamba viti vya kawaida vimeachana sentimita themanini na moja. Mukabalisa akaipima nafasi hiyo sakafuni kwa futi yake, akanyoosha mguu, kisigino kikavuka mpaka. Nduwayo akatabasamu, akaweka penseli kwenye safu ya kwanza nyuma ya ukuta, karibu na mlango.

"Hii kiti iko nzuri kwa mguu yako, mama," alisema. "Mbele haiko mtu, iko ukuta tu. Nilikuwekea tangu wiki ile ulileta barua ya daktari."

Mukabalisa akauliza bei. Bei ilikuwa ile ile. Hapo ndipo alipozidi kuingiwa na wasiwasi, maana katika miaka thelathini ya kununua vitambaa hakuwahi kuuziwa kizuri kwa bei ya kibaya bila kukuta tundu mahali fulani. Nduwayo akaomba kitambulisho, kile chenye mstari wa kabila, ambao siku hizo kila mtu aliusoma kwanza. Akaandika jina lake kwenye orodha ndefu, na pembeni yake akachora msalaba mdogo kwa penseli nyekundu.

Mukabalisa aliukodolea macho msalaba ule. Biryogo nzima ilikuwa ikinong'ona juu ya orodha za majina ya watu wa kuuawa. Na kiti cha karibu na mlango ni cha nani, kama si cha mtu ambaye askari wakipanda ndegeni watamshusha wa kwanza? Akasema anataka nyuma kabisa. Nduwayo akamweleza kwamba nyuma ni kwa wavuta sigara na goti litabanwa. Akamkumbusha na daktari.

"Niandikie nyuma," Mukabalisa alisema. "Mguu ni wangu."

Nduwayo akamtazama kidogo, akaitazama Fanta iliyojaa, akaandika nyuma.

Kama angenyamaza, yangeishia hapo. Lakini alipofika nyumbani alimsimulia Shami, jirani yake auzaye vitumbua karibu na msikiti, na Shami hajawahi kupokea habari akairudisha ilivyo. Kufika Ijumaa, Nduwayo, ambaye alikuwa amepanga chumba mitaa miwili tu kutoka pale, alikuwa na daftari zima la watu wa kuuawa. Vijana wa kwenye kona waliacha kuitikia salamu zake. Mukabalisa alisikia maneno yakikua na hakuyapunguza. Tuseme ukweli, alijivuna kidogo kwamba yeye ndiye aliyeanza kumgundua.

Ndegeni alipata alichokitaka. Mbele yake kiti kililala juu ya goti lake, kushoto bwana mmoja aliwasha sigara moja kwa moto wa nyingine. Saa ya tatu mguu ulikuwa umekufa ganzi na kuvimba juu ya kiatu. Akaogopa kweli. Akajikokota njiani akishika migongo ya viti, mpaka akafika mbele, kwenye ule ukuta. Pale palikuwa na kiti kitupu, mkanda umefungwa juu ya bahasha.

Mhudumu akamuuliza kwa Kifaransa kama yeye ndiye Madamu Mukabalisa. Akamweleza kwamba kijana wa ofisini alikuja mwenyewe uwanjani kuomba kiti kisipewe mtu, kwa kuwa ndege haikujaa, akasema mama huyu atakuja tu mguu ukimuuma. Kisha akamwonyesha ile orodha ya abiria iliyotoka ofisini. Misalaba myekundu ilikuwa minne: mzee wa kiti cha magurudumu, mwanamke mwenye mapacha, kipofu, na yeye. Pembeni ya jina lake paliandikwa, "Mguu wa kushoto. Asaidiwe."

Akakaa. Akanyoosha mguu wote, na bado nafasi ikabaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na mistari michache: "Mama Hadija, ile siku kifungulio ilikuwa imefungwa na kamba kwa friji, watu wanaiba. Sikufikiri. Unisamehe. Nduwayo." Mhudumu akaleta Fanta, akaitoa kizibo mbele ya macho yake, kama alivyoagizwa.

Mukabalisa aliinywa yote, na aibu ikamshika hadi masikioni. Mguu wake ungefika salama. Kijana aliyeuponya alikuwa amebaki kule chini na jina alilompa yeye.

Akaomba kalamu. Nyuma ya karatasi ile ile akamwandikia Shami: niliongopa kwa hofu yangu, yule kijana hana ubaya wowote, orodha ni ya wagonjwa, nenda kwa kila uliyemwambia, uanze na wale wa kwenye kona. Akaandika tarehe, thelathini Machi. Siku iliyofuata, kabla hata ya kuvua koti, alimwambia Uwera ampeleke posta.

Karani wa posta alimwambia barua ya Kigali huchukua siku kumi na mbili. Mukabalisa akahesabu kwa vidole pale pale dirishani, akatulia, asijue kwamba tarehe saba mauaji yangeanza Kigali. Jumanne, tarehe kumi na mbili Aprili, Shami angekuwa nayo mkononi.