Wino Kiganjani mwa Emmett

Usinitajie Lorna Haddaway kama hukumjua. Nimechoka na hawa walioingia maabara jana na juzi, wanaomwita "yule mama aliyekosa Kiazi" huku wanakunywa kahawa kwenye meza aliyoikalia yeye. Mimi nilikaa naye chumba kimoja tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kazi yangu ilikuwa kuomba zamu za antena ili chombo chetu cha angani kisikike, na kazi ya kuomba omba inakufundisha kuwatazama watu. Kwa hiyo nyamazeni nisimulie.

Alizaliwa Highlandtown, mashariki ya Baltimore, mtaa ambao baba wote walifanya kazi viwanda vya chuma na mama wote walisugua ngazi za mlangoni kila Jumamosi mpaka zinang'aa. Kila kiangazi alisimama kwenye kibanda cha mjomba wake akiparuza barafu, anaimwagia shira, anawapa watoto. Baadaye alikuwa akisema kazi zake zote mbili maishani zilikuwa za barafu: ya kwanza ililiwa, ya pili hakuna aliyeiona. Alisema hivyo akicheka, na mimi sikupenda kicheko kile hata kidogo.

Alikuja maabara msichana, hesabu kichwani na lafudhi ya mtaani mdomoni. Watu wa Highlandtown humwita kila mtu "kipenzi", hata askari anayewaandikia faini. Siku ya kwanza alimwita mkuu wa idara "kipenzi", na wale mabwana wenye shahada wakacheka wiki nzima. Emmett Purnell hakucheka. Emmett alikuwa mwanamume mrefu, mpole, wa tai ya kipepeo, mtu mweusi wa kwanza kupewa meza katika chumba kile, na alijua kuchekwa kunavyouma. Alimvutia Lorna kiti karibu na chake, akamfundisha kazi yote. Mkuu alipotaka kumhamishia Lorna kwenye kupiga chapa, Emmett alisema akiondoka Lorna na yeye anaondoka. Hilo Lorna hakulisahau mpaka leo.

Chombo chenyewe kilikuwa na jina refu la kwenye karatasi, lakini sisi tulikiita Bibi. Tulimrusha Bibi aende nje kabisa, ng'ambo ya sayari ya mwisho, akatutazamie donge moja la barafu lililokaa gizani tangu jua lilipozaliwa. Upana wake si zaidi ya mwendo wa kutoka kwetu hadi mji wa Annapolis, nusu saa kwa gari. Kwa kuwa tulikisia lina umbo la kiazi, jina likawa Kiazi. Safari ilichukua miaka kumi na sita. Watu walioa wakaachana Bibi akiwa njiani. Corinne, mke wa Emmett, alizikwa Bibi hajafika hata nusu.

Nawaambia jambo moja kuhusu Bibi, mlielewe, maana msiba wote umo humo. Asingeweza kusimama. Alipita kwa kasi ambayo ukikohoa tu, yeye kashavuka mji. Asingeweza kurudi pia. Na neno letu lilichukua saa sita kumfikia huko aliko. Kwa hiyo aliambiwa kila kitu mapema: saa fulani geuza shingo, saa fulani piga picha. Kiazi angekiona mara moja, na baada ya hapo basi, hakuna mwanadamu aliye hai ambaye angekiona tena.

Sasa, siku za mwisho kamera ya Bibi ilianza kukiona Kiazi kama punje, na ikajulikana watakutana mapema kidogo kuliko tulivyodhani. Ilibidi kurekebisha. Marekebisho hayo yangeweza kuwekwa kwenye saa ya Bibi, upande wa Emmett, au kwenye shabaha ya kamera, upande wa Lorna. Upande mmoja tu, si kote kote. Ukiweka kote, kamera inatazama patupu. Utaratibu wetu ulisema aweke Emmett.

Na Emmett alikuwa ameanza kusahau.

Tulikuwa na mazoezi, Bibi wa bandia na Kiazi cha bandia kwenye kompyuta. Zoezi la kwanza, Lorna alifungua ukurasa wa Emmett kabla ya kutuma wake, akakuta hajaweka kitu. Akamgeukia. Emmett anamtabasamia, tabasamu la mtu aliyemaliza kazi yake. Lorna akageukia kompyuta yake, akayaweka marekebisho upande wake, kimya kimya. Picha zikatoka sawasawa. Watu wakapiga makofi, na Emmett akawapa mkono wote. Zoezi la pili vilevile, na la tatu.

Mimi nilimwona. Nilimfuata mpaka kwenye maegesho nikamwambia, "Lorna, unambeba mzee wa watu mgongoni. Siku ukiteleza mtaanguka wote wawili."

"Yeye ndiye aliyenibeba kwanza, kipenzi."

"Basi mwambie mkuu. Kwa heshima tu, apumzishwe."

"Wamtoe leo, Kiazi kiko mlangoni? Corinne hayupo. Abaki na nini?"

 Nikamfungulia mlango wa gari lake.

Ikafika siku ya kutuma amri ya mwisho. Kwetu kuna desturi: mkuu wa safari anaita kila meza, na mwenye meza anajibu, "Tayari." Ukishajibu, huulizwi tena. Kumwuliza mtu aliyesema tayari kama kweli yuko tayari ni kumvua nguo hadharani, na tangu nianze kazi sijaona mtu akithubutu. Na safari hii wakubwa waliongeza lao: ukishasema tayari, ukurasa wako unafungwa, hakuna mwingine wa kuuchungulia.

Emmett aliitwa kabla ya Lorna. Akasema, "Tayari," kwa sauti ya kanisani. Yvette, binti yake, alikuwa nyuma ya kioo cha chumba cha wageni na watoto wake, wamevaa vizuri, wamekuja kumwona babu. Ukurasa ukafungwa. Ikabaki meza ya Lorna.

Alimtazama Emmett. Emmett akamtabasamia, tabasamu lilelile la mazoezini, hata halikupungua. Angemwuliza tu! Maneno mawili, "Umeweka kweli?" Nimelala na maneno hayo mawili miaka yote hii, na si mimi niliyepaswa kuyasema. Lakini angemwulizaje, mkuu amesimama pale, wajukuu wamebandika pua kwenye kioo? Mara zote alizomwona akitabasamu hivyo, alikuwa amesahau. Lorna akaweka marekebisho upande wake. Akasema, "Tayari."

Msiniulize wakaguzi walikuwa wapi. Walikagua kila ukurasa peke yake, na kila ukurasa ulikuwa sahihi.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa sherehe. Mabibi wa ofisini walileta supu ya kaa, na kulikuwa na keki kubwa ya umbo la kiazi, imepakwa sukari nyeupe, ikachekwa mpaka basi. Bibi alikuwa karibu kabisa kukipita Kiazi. Emmett alikuja na tai mpya. Akamshika Lorna mkono, akampeleka dirishani, mimi nikiwa pembeni na bakuli langu, akamfunulia kiganja. Kulikuwa na wino wa bluu, umefifia kwa kunawa, lakini ulisomeka: WEKA.

"Yvette ananiambia nasahau sahau siku hizi," akasema. "Nikaona siku ya mwisho nisije nikawaaibisha. Nikajiandikia hapa. Jana sikusahau, Lorna."

"Uliweka?"

"Niliweka, nikarudia kutazama. Ulikuwa unaniangalia kwa hofu, nilikuona. Nikasema ngoja, nitamwambia kesho afurahi."

Lorna akambusu shavuni. Akasema amefanya vizuri. Kisha akatoka, mimi nyuma yake, na kwenye korido karibu na bomba la maji akaniambia kwa pumzi moja kwamba na yeye aliweka. Bakuli likanitoka mkononi.

Hakukuwa na la kufanya. Neno la kumzuia Bibi lingefika keshapita zamani. Kamera ilikuwa inageuka kule mbali kutazama mahali pasipo na kitu, na sisi huku tunakata keki.

"Nenda ukaseme," nikamwambia.

"Nikasema nini? Wataniuliza kwa nini niliweka. Nitajibu kwa sababu huyu mzee husahau? Mbele ya wajukuu wake, leo?"

Alinawa uso, akarudi ndani. Emmett alikuwa amemwekea kipande cha keki, Lorna akakila chote. Saa ya kupita ilipofika watu walihesabu kwa sauti, wakapiga vifijo, wengine wakalia. Lorna alipiga makofi. Mimi nilienda msalani nikafungulia bomba nisiwasikie.

Jioni picha zikaanza kuingia. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, na nyota. Emmett akasema nyota zimetoka safi sana. Ya pili nyeusi. Watu wakaanza kutazamana. Ziliendelea kuja hivyo, moja baada ya nyingine, mpaka mkuu wa safari akakaa chini sakafuni kama mtoto. Emmett alisimama katikati akitazama kiganja chake.

"Lakini mimi niliweka," akasema.

"Uliweka, Emmett," Lorna akasema, na alisema kwa nguvu ili wote wasikie. "Wewe uliweka vizuri. Mimi nikaongeza juu ya yako. Kosa ni langu."

Wakaunda tume. Wakamwuliza kwa nini aliongeza, akawaambia hakufikiri. Wakauliza tena na tena, akawa na jibu hilo moja. Mimi waliponiita nilisema sijui kitu, maana Lorna alikuwa ameniapisha, na Mungu anajua kiapo kile kilivyonikaba. Magazeti yakaweka picha yake. Kuna mtu alipaka rangi nyeusi mlango wa nyumba yake Highlandtown, zile ngazi alizosugua mama yake zikachuruzika.

Hawakumfukuza. Walimpa kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Bibi alikuwa bado anatuma picha, pole pole, maana kutoka kule sauti yake ni ndogo, na zingechukua zaidi ya mwaka kuisha. Lazima mtu azitazame zote, labda pembeni mwa mojawapo pamebaki kitu. Lorna alikuja kila asubuhi, akaketi, akafungua weusi, akaufunga, akafungua mwingine. Nilimletea chai. Wengine walipita mezani kwake kama wanapita jalalani.

Na akakipata. Karibu na mwisho, kwenye ukingo wa picha moja, palikuwa na mkunjo mwembamba mweupe, kama ncha ya ukucha uliokatwa. Hicho ndicho Kiazi chote tulichojaliwa. Nilimkumbatia nikapiga kelele. Yeye akasema, "Ngoja nimpelekee Emmett."

Emmett wakati huo alikuwa nyumba ya wazee, Towson. Hata mkewe Corinne hakuwa akilini mwake tena. Akimwona Yvette, alidhani ni nesi. Tulimkuta kando ya dirisha na tai yake ya kipepeo, imefungwa upande. Lorna akapiga magoti, akamwekea picha mapajani.

"Wewe nani?"

"Mimi Lorna."

Nikaona uso unabadilika. Kati ya vyote alivyopoteza mzee yule, kimoja kilikuwa kimebaki.

"Wewe ndiye uliyetuharibia," akasema. "Mimi niliweka."

"Ndiyo, Emmett. Uliweka."

"Miaka yote ile! Nilikufundisha mwenyewe!" Akaisukuma picha ikaanguka. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli wote. Wallahi nilikuwa nimeshaanza kumwita Emmett kwa jina. Lorna akanikanyaga mguu kwa nguvu zake zote, akaiokota picha, akatoka.

Kwenye gari nilimfokea. Nilimwambia fadhila za punda ni mateke, na kwamba kama hasemi yeye nitasema mimi.  Alishika usukani tu, gari halijawashwa, analia bila sauti. Jumapili iliyofuata alirudi Towson. Na iliyofuata. Mwishowe walimwomba asiingie, kwa sababu mzee akimwona halali. Basi akawa anakaa kwenye gari nje mpaka saa ya kutazama wagonjwa iishe, ndipo anarudi nyumbani.

Emmett alikufa majira ya baridi. Tuliketi benchi la nyuma kabisa kanisani, Lorna na mimi, barafu inatuyeyukia kwenye viatu. Yvette alisimama akasema baba yake alifanya kazi yake mpaka siku ya mwisho, na kama wengine wangefanya yao kama yeye, dunia ingekiona alichokitafuta. Vichwa viligeuka vikatutazama, vikarudi mbele. Mchungaji akasema Emmett Purnell hakusahau wajibu wake hata mara moja.

"Amina," Lorna akaitikia, kwa ile lafudhi yake ya Highlandtown, peke yake kabla ya wengine. Kisha tukatoka kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa Yvette alikuwa ameomba asimwone Lorna makaburini.