Pale Alipogonga Mama Siti

Fundi Vitalis wa Newala alikuwa na kasoro moja ambayo watu waliisema waziwazi, hata mbele yake: hakupenda kuambiwa gari linaumwa nini. Ukifika kwake ukasema, "Fundi, nadhani ni plagi," atakuuliza kwa upole kama umekuja na spana zako, na kama unazo basi endelea tu. Watu walimvumilia kwa sababu mara nyingi alikuwa sahihi. Ufundi aliupata ujanani katika karakana ya wamisionari kule Ndanda, akakomaa na magari ya kabureta, yale ambayo pampu ya petroli imefungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na injini yenyewe. Gari la namna hiyo alilijua kwa kulisikiliza. Alikuwa akiinamisha kichwa na kufumba jicho moja, karakana nzima ikanyamaza kumsubiri.

Kisha biashara ya korosho ikafunguliwa kwa watu binafsi. Wanunuzi wakapanda huku juu kwenye uwanda wa Newala na mizani zao, bei ikainuka, na wakulima ambao hawakuwahi kumiliki hata baiskeli mpya wakaanza kuulizana habari za magari yaliyotumika yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam. Mrisho wa Chilangala alikuwa mmoja wao. Alirudi na pikapu nyeupe iliyochoka kwa wenyewe huko ilikotoka, na pampu yake ya petroli ilikuwa ya umeme, imezamishwa ndani ya tangi. Vitalis hakuwahi kufundishwa pampu ya namna hiyo. Hakumwambia mtu.

Pikapu ilifanya kila kazi. Kiangazi ilibeba mapipa ya maji kutoka bondeni, maana huku juu maji ni ya kufuatwa. Kuanzia mwezi wa sita ilibeba mifuko ya salfa, ule unga wa njano wanaopulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri. Oktoba ikifika, ni korosho. Salfa ilimwagika, maji yakamwagika juu yake, na hakuna aliyejiuliza vitu hivyo viwili vilikuwa vikifanyiana nini kule chini ya gari.

Mwaka wa pili ikaanza kugoma. Unawasha, stata inazunguka, injini haishiki. Vitalis akatoa taa yake ya kupimia, balbu ndogo ya indiketa aliyoifunga nyaya mbili. Waya mmoja ulikuwa mrefu kama kamba ya kuanikia nguo, na huo aliubana kwenye hasi ya betri. Mafundi wengine waliubana popote kwenye chuma cha gari, na Vitalis aliwadharau kwa hilo. Alisema vumbi na kutu vya huku juu hufanya chuma kidanganye, taa ikakataa kuwaka na huku umeme upo, lakini betri haidanganyi. Akagusisha waya wa pili kwenye waya unaopeleka umeme kwenye pampu. Taa ikawaka vizuri.

"Umeme unafika," alimwambia Mrisho. "Sasa tuone." Akagonga tangi kwa nyundo ya mbao mara tatu, pampu ikavuma, gari likawaka. Kwake huo ulikuwa ushahidi tosha. "Pampu imechoka, Baba Siti. Tafuta nyingine. Kwa sasa ikigoma, gonga."

Akampa na nyundo. Ikawa kazi ya watu wawili, mmoja kwenye swichi na mwingine chini. Mrisho hakuwa mtu wa kuinama mbele za watu, kwa hiyo kugonga kulimwangukia mkewe. Mama Siti alikuwa mnene na mcheshi. Alikuwa akishuka, akikaza kanga kiunoni, akiinama nyuma ya gurudumu na kugonga, na wauza ndizi wa sokoni Newala walikuwa wakimwita, "Mama Siti, mke mwenzio kaamka?" Naye aliwajibu kwamba huyu mwenzake amezidi usingizi, na mume anampenda hivyohivyo.

Ila mtu akigonga kitu kila siku hukijua. Siku moja Mama Siti alikuja karakanani, akamwomba fundi ainame naye. Kidole chake hakikuelekea kwenye tangi. Kilielekea kwenye chesisi, ule mhimili wa chuma chini ya gari, kama futi moja mbele ya tangi, palipokuwa na boliti ndogo imezibwa na uchafu wa njano.

"Fundi, nikigonga tangi, mara inaitika, mara haiitiki. Nikigonga hapa, inaitika kila mara. Hapa pana kitu."

Vitalis alicheka. Kulikuwa na wanaume wanne pale, na alicheka ili na wao wasikie. "Mama Siti, pampu imo ndani ya tangi. Hapo unagonga chuma tu. Ni sawa na kumwamsha mtu kwa kubisha hodi kwa jirani yake."

Wanaume wakaangua kicheko. Mama Siti naye akacheka, maana hakuwa mtu wa kununa. Lakini alipokuwa akipanda gari aliinama akapatazama tena pale mahali pake.

Pampu mpya haikununuliwa. Korosho za mwaka ule ziliishia kwenye unyago wa Siti, binti wa kwanza, na binti wa kwanza hachezwi kimyakimya. Kulikuwa na kanga za kugawa, ngoma za siku mbili, wageni kutoka hadi Masasi. Mrisho alimwambia fundi, "Pampu msimu ujao," na fundi akamwambia hiyo ni juu yake.

Asubuhi moja ya Oktoba, Mama Siti alikatwa na tumbo. Miaka ya nyuma alishawahi kupasuliwa katika hospitali ya Ndanda, kwa hiyo alipoweza kusema neno alisema apelekwe kulekule. Wakamlaza nyuma ya pikapu juu ya godoro, Siti akakaa na kukipakata kichwa cha mama yake. Walipita Newala salama. Walipoanza kuteremka kwenda Masasi, pikapu ikakohoa, ikasimama.

Mrisho alishuka na nyundo akagonga mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu alipopewa. Aligonga, akakimbilia kwenye swichi, akarudi kugonga, bila mafanikio. Mpita njia mwenye baiskeli akatumwa kumwita fundi.

Vitalis alifika jua limeshakuwa kali. Alibana waya mrefu kwenye betri, akagusisha ule wa pili, na taa ikawaka vizuri kama siku zote. Akachukua nyundo akagonga tangi hadi mkono ukauma. Pampu haikutoa sauti. Ndipo akamsikia Mama Siti, sauti ikitoka juu yake kwa taabu.

"Fundi. Pale pangu."

Alimsikia na alimwelewa. Alijua ni pale wapi. "Tulia, Mama Siti," alisema, "usijichoshe." Akatoka chini ya gari, akamwambia Mrisho kwamba pampu imekufa na la kufanya ni kusubiri lori.

Lori la korosho lilipita saa nane mchana. Wakampakia mgonjwa, wakafika Masasi, wakaipita, na kabla ya kuiona Ndanda Mama Siti akafariki. Daktari wa huko aliwaeleza kwamba utumbo ulikuwa umejisokota. Mrisho alimuuliza ingekuwaje kama wangefika asubuhi. Daktari alisema asubuhi kulikuwa na nafasi.

Siku ya mazishi Mrisho hakulia. Alikuwa anamwambia kila aliyempa mkono, "Fundi aliniambia ninunue pampu, mimi nikanunua kanga za ngoma." Alimwambia shehe, akawaambia majirani, akamwambia na Vitalis mwenyewe, mbele ya watu, kama anayemwomba radhi. Siti alikuwa ndani na wanawake na aliyasikia. Tangu siku ile hakuzivaa zile kanga za unyago. Alizikunja, akaziweka chini ya kitanda, akawa mtoto wa kujibu anapoitwa tu.

Arobaini ilipokaribia, maji ya wageni yalihitajika na pikapu ilikuwa bado imelala karakanani Newala tangu ilipovutwa kutoka njiani. Ndugu wa Mrisho walichanga, pampu mpya ikaletwa kutoka Dar es Salaam. Vitalis aliifunga Jumamosi mchana, peke yake. Akawasha swichi, akatega sikio.

Kimya.

Akaleta taa yake. Ikawaka. Alikaa chini akaitazama kwa muda mrefu ile balbu iliyomtumikia miaka yote. Kisha akachukua nyundo, akalala chali chini ya gari, akaisogeza futi moja mbele ya tangi. Aligonga mara moja, tena taratibu. Pampu ikavuma.

Pale palikuwa na waya wa ethi, ule unaorudisha umeme wa pampu kwenye chuma cha gari. Alipoukwangua uchafu wa njano aliukuta umeliwa, umegeuka kijani na kumomonyoka, umebaki uzi mmoja. Akaelewa yote kwa mara moja. Taa yake ilikuwa na waya wake mrefu wa kurudishia umeme hadi betrini. Pampu haikuwa nao. Pampu ilitegemea uzi ule tu. Na kugonga tangi kulisaidia kwa sababu mtikisiko ulifika hadi kwenye boliti. Akaichukua pampu ya zamani, akaiunga na betri moja kwa moja. Ikazunguka bila kusita.

Alilia palepale, mzee wa miaka hamsini na mitatu.

Mkewe Anjelina, alipoambiwa, aliufunga mlango kwanza. Kisha akasema, "Mama Siti ameshazikwa. Ukisema, utamrudisha? Na nani atakuletea gari tena?" Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na watoto wa kusomesha, na alikuwa akisema jambo ambalo Vitalis alishajiambia mara kadhaa njiani kurudi nyumbani.

Kesho yake, baada ya misa, alifunga waya mpya, akaendesha pikapu mwenyewe hadi Chilangala. Kile kipande kilicholiwa alikiviringisha kwenye leso. Mrisho alimkaribisha barazani. Vitalis hakusubiri maji ya kunywa. Alikunjua leso juu ya mkeka.

"Baba Siti, pampu ya zamani ilikuwa nzima. Kilichokufa ni hiki. Salfa imekila. Mimi sikukiona."

Mrisho alikiangalia bila kukigusa. "Kwa hiyo hata ningenunua pampu?"

"Ungenunua, ingegoma vilevile."

"Na kukitengeneza hiki ni kazi ya muda gani?"

Vitalis alitamani kusema siku nzima. "Robo saa," alisema. "Hata pale njiani."

Mrisho alifumba macho. Alipoyafumbua aliita, "Siti, njoo usikie." Binti akatoka, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, Baba." Vitalis aliitikia marahaba, na Mrisho akamtaka ayarudie yote. Akayarudia.

"Basi si ngoma yangu?" Siti aliuliza.

"Si ngoma yako, mwanangu. Si kanga zako. Ni mimi."

Siti aliketi chini pale alipokuwa, akalia kilio ambacho hakuwa amekilia msibani. Baba yake alimwacha alie. Kisha akamgeukia fundi, na usoni mwake hapakuwa na hasira. "Umefanya vizuri kuja," alisema. "Na kitu kidogo hivi, tena kimejificha, hakuna ambaye angekijua."

Kwa maneno hayo alimfungulia mlango wa kutokea. Vitalis aliuona, na kwa hakika alitaka kupita. Angeweza kuitikia kwa kichwa, akaaga, akarudi Newala fundi aliyekosea mara moja kama mafundi wote.

"Mama yake alijua," alisema. "Alikuja kunionyesha palepale, na kidole akaweka. Nikamcheka mbele ya watu. Na siku ile njiani akaniambia tena, nikamnyamazisha."

Mrisho aliigeukia pikapu pale uani.

"Jioni ile alirudi akanisimulia," alisema. "Akasema, fundi kanicheka, lakini wewe mume wangu hebu nenda ukapatazame. Gari lilikuwa hapo, hatua kumi. Nikamwambia aache kuniaibisha kwa mafundi." Alishusha pumzi. "Nami nilicheka, Fundi."

Siti aliwatazama wote wawili. Kisha akakiokota kile kipande cha waya juu ya leso, akainuka, akaingia nacho ndani.